Taa ya urujuanimno kwa bodi za saketi: ya kucha, ledi au mirija?

Shaba35: Wakuu, naomba ulinganisho. Natumia filamu kavu hasi (utando unaobandikwa juu ya shaba ya bodi; unapopigwa na urujuanimno kupitia mchoro uliochapwa kwenye plastiki angavu hugumu, na uliofunikwa na weusi huoshwa), bodi isiyozidi sm 10 kwa 16, njia za shaba nyembamba kabisa mm 0.2. Nachagua kati ya taa ya kukaushia rangi ya kucha ya wati 36, ledi za nanomita 395–405 na mirija ya mwanga mweusi. Jua je?

Rezista_120: Jua futa. Wingu likipita, kipimo chako cha muda hakina maana tena.

Kati ya zilizobaki, usichague kwa wati. Angalia urefu wa mawimbi ya mwanga kwanza: filamu kavu hushika vizuri karibu na nanomita 365, na 405 bado inafanya kazi ila kwa muda mrefu zaidi. Mirija ya mwanga mweusi iko karibu kabisa na hapo, lakini inataka balasti (kifaa cha kudhibiti umeme wa mirija), dakika mbili tatu za kupata moto, na hufifia kadiri inavyozeeka.

Kopo la Asidi: Taa ya kucha inatosha kwa mm 0.3 kwenda juu. Tatizo lake ni mirija ya pembeni: mwanga unaingia kwa mshazari na kupenya chini ya mchoro. Kwa filamu hasi, njia zinanenepa na mianya inaziba. Ifunike mirija ya pembeni, au uitoe, ubaki na ya juu tu.

Na tona (wino wa unga wa printa) iguse filamu! Chapa mchoro kinyume, kama kwenye kioo cha kujitazamia, kisha geuza upande wa tona chini. Ukiacha unene wa plastiki (kama mm 0.1) katikati, hakuna taa itakayokuokoa kwenye mm 0.2.

Rezista_120: Hapo sibishi. Ila kwa mm 0.2 mimi napendelea paneli ya ledi. Ledi za mm 5, pembe nyuzi 30, safu 9 kwa 11, umbali mm 20 kati yao: jumla 99. Unganisha tatu tatu mfululizo kwenye volti 12. Kila ledi inakula takriban volti 3.3, inabaki 2.1, kwa miliampea 20 inatoka omu 105, kwa hiyo weka rezista ya omu 120 kwa kila mstari. Mistari 33 haifiki ampea 0.7, adapta ya ampea 1 inatosha. Iinue paneli sm 10 juu ya bodi. Ukiishusha hadi sm 3, miduara ya mwanga haikutani na utaona madoa ya duara kwenye filamu.

Nukta Nyeusi: Ledi moja kubwa ya wati 10 nayo ipo, wakuu. Chanzo kimoja kidogo kikiwa mbali, kivuli kinakuwa kikali kuliko cha paneli. Gharama yake ni muda: umbali ukiwa maradufu, muda unakuwa mara nne. Bamba la kupoza joto ni lazima.

Shaba35: Nimeona pia taa ya kuua vijidudu, nanomita 254. Na kioo cha juu cha kubana mchoro kwenye filamu, akriliki (plastiki angavu) inafaa?

Kopo la Asidi: 254 achana nayo kabisa. Inaunguza macho na ngozi, na kioo cha kawaida kinaizuia isifike kwenye filamu. Akriliki nyingi zina kinga ya urujuanimno. Tumia kioo cha mm 3, kizito cha kubana.

Nukta Nyeusi: Taa yoyote utakayochukua, pima muda kwa kipande cha bodi. Kifunike kwa kadi, isogeze kila sekunde 15. Subiri dakika 15, kisha osha kwa gramu 10 za sodiamu kaboneti ndani ya lita ya maji ya nyuzi 30 hivi. Njia zikibanduka, muda ni mfupi. Filamu ikigoma kutoka kwenye mianya, ama umezidisha muda ama weusi wa mchoro wako unapitisha mwanga. Bandika nakala mbili za mchoro pamoja, upime upya.

Shaba35: Basi paneli. Naagiza ledi 110, za akiba zimo.