Mstari wa "barabarani" kwenye daftari langu: nifanyeje dereva wangu aache kuwapa trafiki?

MamaNyanya_Mbezi

Ndugu zangu habari za leo. Naombeni msaada, hasa wenye magari ya biashara hapa Dar es Salaam.

Nauza nyanya Mbezi, huu mwaka wa sita. Mwaka jana nilinunua kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, kwa pesa ya kikoba na akiba yangu, nikampa kijana aendeshe. Anapakia matenga Ilala saa kumi na moja alfajiri, anapita Buguruni, anashika Barabara ya Mandela hadi Ubungo, halafu Barabara ya Morogoro mpaka huku. Jioni tunakaa na daftari: mafuta, ushuru, wapakiaji, na mstari mmoja anaouandika "barabarani". Mwanzoni sikuuliza. Mwezi wa tisa nikajumlisha. Siku 24 za kazi, shilingi 148,000. Hizo ni karibu faini tano za 30,000, na sina risiti hata moja.

Nikahisi kijana ananiibia. Sikumwambia kitu. Jumanne iliyopita nikaamka saa tisa usiku, nikapanda naye.

Tulisimamishwa mara mbili. Askari wa kwanza alitazama leseni na bima, akatutakia safari njema, na namshukuru mpaka leo. Wa pili alizunguka gari polepole, akagonga tairi la nyuma kwa kiatu, akaja dirishani. "Taa ya breki ya kushoto haiwaki. Niandike au tuongee?" Kijana wangu hakujibu. Alimpa lile kava la plastiki tunalowekea karatasi za gari. Ndani yake alishaweka noti ya elfu tano, imekunjwa mara tatu, tangu tukiwa Ilala tunafunga turubai. Afande alilifungua kava usawa wa tumbo lake, akasoma bima kama mtu anayesoma kweli, akalifunga kwa kidole gumba, akarudisha. Nilipolishika, noti haimo. Sikuona ilikokwenda. Haikufika hata dakika moja, na nyuma yetu alikuwa ameshasimamisha Noah moja.

Kijana akaniomba msamaha kana kwamba yeye ndiye aliyepokea. Akasema, "Mama, nikikataa ananiweka pembeni saa nzima, anasema mtandao wa mashine ya kuandikia faini unasumbua. Jua linatoka, nyanya za chini zinaanza kutoa maji, wateja wako wanaenda kwa jirani, halafu wewe unanigombeza mimi." Na ni kweli, ningemgombeza. Iliniuma sana kusikia hivyo. Anachouza yule afande ni asubuhi yangu mwenyewe, na mimi nimekuwa nikiinunua kila siku kwa mkono wa huyu kijana.

Sasa naomba kujua. Mnakataaje bila mzigo kuharibika? Nina haki ya kudai niandikiwe hapohapo? Na nikiripoti, kijana hatawindwa njia nzima?

KondaMstaafu

Shikamoo mama. Nimekuwa konda miaka minane kabla sijashika usukani, njia ya Mbagala. Nikuambie jambo ambalo mabosi wengi hawalijui. Dereva hatoi kwa sababu anapenda kutoa. Anatoa kwa sababu faini ni yake na rushwa ni ya gari.

Nikiandikiwa 30,000, bosi wangu ananiambia ni uzembe wako, lipa mwenyewe, na hesabu ya jioni iko palepale. Nikitoa elfu mbili, naikata kwenye tripu, hakuna anayeuliza. Kwa hiyo asubuhi kabla gari halijawaka nilikuwa nakunja elfu mbilimbili nne, naweka mfuko wa shati. Tukisimamishwa nashuka mimi, nazunguka nyuma ya gari kama nafunga mlango. Trafiki hakuwa hata na haja ya kuomba.

Kaa na kijana wako mpange upya. Mwambie faini yenye risiti, kama kosa ni la gari, unalipa wewe mwenye gari. Kosa la mwendo au kupita taa nyekundu ni lake. Elfu tano isiyo na karatasi usiipokee tena kwenye daftari. Na akicheleweshwa kwa kukataa, usimguse, hata nyanya zikioza. Hapo ndipo utamjua kama alikuwa anakuibia au alikuwa anakuogopa.

Kifungu15

Dada, najibu yale ya sheria tu. Kudai uandikiwe ni haki yako. Askari akiona kosa anakuandikia kwa ile mashine, unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki. Askari hatakiwi kushika fedha taslimu ya faini, hata awe mkweli namna gani. Ukiona hukukosa, una haki ya kukataa kosa na shauri likaenda mahakamani. Halafu jioni unaweza kuangalia deni la gari kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya usajili, ujue kama kweli uliandikiwa.

Jingine halitakufurahisha. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 15, inamshika anayepokea na anayetoa. Ile noti iliyokunjwa Ilala, kijana wako aliingia nayo kwenye kosa kabla hajasimamishwa. Na wewe uliyekaa pembeni ukaikubali kwenye hesabu, usijione mbali.

TAKUKURU, ile taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, wana namba 113, haina malipo. Andika siku, saa, mahali na jina lililo kifuani kwa askari. "Trafiki wanakula sana" haimsaidii mchunguzi yeyote.

MzeeWaGongolamboto

Mwanangu, umesimulia vizuri, lakini kuna kitu umekipita mbio. Ile taa ilikuwa inawaka au haiwaki?

Nakuuliza kwa sababu mpwa wangu aligonga usiku lori lililosimama barabarani bila taa hata moja nyuma. Alikuwa na pikipiki. Lori lilikuwa limetoka mbali na lilikuwa limesimamishwa njiani zaidi ya mara moja, turniboi wake alisema mwenyewe pale msibani. Kila dereva wa lori aliposimamishwa alilipa kidogo akaendelea. Mpwa wangu alikuwa na miaka 23.

Tume ya Jaji Warioba ya kuchunguza rushwa ilipoandika ripoti yake mwaka 1996 ilitenganisha rushwa ya mwenye mshahara mdogo na rushwa ya mwenye tamaa. Nilikuwa mtumishi wa umma wakati huo, nikaona ni sawa kutenganisha. Tangu tumzike mpwa wangu, mimi kwa barabarani sizitenganishi tena.

MamaNyanya_Mbezi

Mzee wangu, shikamoo, na pole sana kwa mpwa wako. Nakujibu kwa ukweli. Ilikuwa haiwaki. Nilimuuliza kijana tangu lini, akasema kama wiki tatu. Nimemtuma kwa fundi, balbu imeuzwa shilingi 2,000 na kufunga ni bure. Wiki tatu nimelipia giza la gari langu mwenyewe, na nyuma yangu zinapita bodaboda alfajiri yote. Sina neno la kujitetea.

KondaMstaafu, nimekaa naye jana usiku. Tumeandika ukurasa wa mbele wa daftari kama ulivyosema, kila mmoja akasaini. Nilipofika pale pa "nyanya zikioza sikugombezi" alinitazama muda, akauliza, "Mama, kweli?" Nikamwambia kweli.

Leo nimepanda naye tena. Taa zote zinawaka, mtungi wa kuzimia moto upo, pembetatu ipo. Aliyetusimamisha ni yuleyule afande wa pili wa Jumanne. Alizunguka, akakosa, akasema tumezidisha mzigo. Kijana akamwambia, sauti inatetemeka, "Afande naomba uniandikie." Tukawekwa pembeni. Mtandao ukasumbua dakika 50, nimehesabu kwenye simu. Mashine ya mwenzake hatua kumi kutoka pale ilikuwa inafanya kazi. Mwisho akasema tuondoke, hakuandika chochote. Nimefika Mbezi saa mbili na nusu, tenga mbili za chini zimelainika, nimeziuza bei ya kutupa.

Jina lake nimelisoma kifuani, sitaliweka hapa. Nimeandika pembeni ya daftari na siku zote mbili na saa. Kifungu15, Alhamisi nafunga genge nakwenda TAKUKURU mwenyewe badala ya kupiga simu. Niambie kitu kimoja: ile elfu tano ya Jumanne niiseme yote, hata kama inamgusa kijana? Yeye anasema niiseme, na anataka twende wote.