Mwaka mzima kiwanda cha dawa hapa Mombasa, sasa wamenizuilia logibuku kwa sababu nilikataa kuandika uzani wa uongo

Jamani naomba mnisome hadi mwisho, nina hasira hata usingizi sipati. Mie ni mwanafunzi, na kozi yetu kabla hujaingia mwaka wa mwisho lazima ukae mwaka mzima kwenye kiwanda cha dawa, si miezi mitatu kama atachmenti za wengine, mwaka, na bila logibuku, kile kitabu unachojaza kazi ulizofanya kila siku, kusainiwa na kupigwa muhuri hakuna kurudi darasani. Mwaka wangu umeisha Ijumaa iliyopita. Logibuku yangu iko ndani ya droo ya supavaiza na amekataa kuisaini. Kiwanda sikitaji, chuo pia sikitaji.

Siku ya kwanza tuliambiwa tutazungushwa, miezi mitatu stoo ya malighafi, mitatu uzalishaji, mitatu maabara, mitatu kwenye makaratasi ya ubora, hata ratiba tukapewa imechapishwa vizuri. Mie nimekaa kwenye kupaki miezi saba. Saba! Blista, vile vibao vya tembe, zaja kwenye mkanda, wachukua kumi, wachukua karatasi ya maelezo, watia kwenye kiboksi, wafunga, mwenzio apiga tarehe, hivyo hivyo umesimama tangu saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni na joto la hapa mnalijua. Siidharau hiyo kazi, kina mama wa pale ndio walionibeba, kila asubuhi wakinigawia mahamri na mbaazi zao bila kuniuliza nina pesa au sina. Lakini wao walipwa kwa siku na mie silipwi hata nauli, na kila kibarua mmoja akikosa kuja badala ya kuita mwengine naitwa mimi nizibe pengo. Hayo ni mafunzo au ni kibarua cha bure?

Na wala sikuwa naenda bure. Mamangu akaanga viazi karai Likoni. Feri mtu wa miguu halipi, alhamdulillahi, ila ukishuka upande wa kisiwani ni matatu mbili kwenda na mbili kurudi, kila siku, na hizo pesa zatoka kwenye karai lake. Chuo nacho kikadai fii kamili mwaka huo huo ambao darasani sikutia mguu. Lekchara alikuja kunikagua mara moja mwaka mzima, akakaa ofisini kwa menija dakika ishirini hivi na soda yake, akaniuliza "uko sawa?" na supavaiza kasimama pale pale. Ningejibu nini?

Maskini maabara ndiyo iliyonifanya niipende hii kozi. Darasani tumekariri kipimo cha parasetamoli kuyeyuka, chombo kina mililita 900 za bafa, yaani maji ambayo asidi yake haibadiliki ovyo, nyuzi 37, kikasia chakoroga kikizunguka mara 50 kwa dakika, na baada ya nusu saa angalau asilimia 80 ya dawa iwe imeyeyuka, maana tembe isiyoyeyuka ukiimeza yapita tumboni kama jiwe. Kile chombo nimekiona kupitia kioo cha mlango. Siku nilizoingia ndani niliingia kuosha chupa na kubeba maboksi ya sampuli. Maski za vumbi nilikuwa nanunua mwenyewe, na sheria ya usalama na afya kazini ya 2007 yasema vifaa vya kujikinga ni juu ya mwajiri. Kisha kila mwajiri Kenya atozwa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi za mafunzo ya viwandani, zaenda NITA, mamlaka ya mafunzo hayo, yaani nchi nzima yakubali kwamba mafunzo yagharimiwa, sasa yangu yako wapi?

Wiki sita tu ndizo naweza kusema nilisoma kitu, nilipotupwa kwenye mashine ya kupiga tembe kwa mzee mmoja opereta. Yule mzee Mungu ampe umri. Hakuwa na wajibu wa kunifunza lakini alinifunza. Akichukua tembe aisugua kwa kidole gumba ukingoni, akihisi kofia ya juu inataka kubanduka aniambia, "Mwanangu, chembechembe zimekauka mno hizi, ama mashine yaenda mbio." Siku ambazo kiondoa unyevu kimezimwa na hewa ya bahari imejaa chumbani zile tembe zanata kwenye panchi, vile vyuma vya kugandamiza unga, zatoka na uso uliochunika, na yeye asikia mlio wa mashine umebadilika kabla hata hujaona. Ni yeye aliyenionyesha kila nusu saa unatoa tembe 20, wapima moja moja, waandika pale pale, hungoji. Zetu zilikuwa na uzani wa miligramu 550, dawa yenyewe 500 na zilizobaki ni unga wa kushikilia. Kwa uzani huo mbili tu katika 20 ndizo zaruhusiwa kuvuka asilimia 5 juu au chini, na isiwepo hata moja ya kuvuka asilimia 10. Nilikuwa naipenda hiyo kazi wallahi.

Sasa sikilizeni. Siku moja mzee hakuja, alikuwa na mgonjwa. Mizani ikachukuliwa mchana kwenda kurekebishwa, na mashine haikusimamishwa, ikaendelea kupiga tembe zaidi ya saa tatu bila mtu kupima kitu. Mie nilikuwepo, niliuliza nikaambiwa endelea na kazi yako. Asubuhi yake supavaiza akaniita, akanipa ile fomu ya uzani na kalamu. "We binti, jaza hapa kuanzia saa nane mpaka saa kumi na moja, weka weka kati ya 540 na 560, utie sahihi na tarehe ya jana." Nikamwambia bosi jana hakukuwa na mizani. Akasema ndiyo maana anataka nijaze. Nikamwambia siwezi. Aliniangalia muda mrefu kisha akachukua fomu yake akaenda, na tangu siku hiyo nikarudishwa kwenye kupaki, na kila nikipeleka logibuku naambiwa njoo kesho. Ijumaa ndio akafunguka kabisa kwamba hawezi kusaini kwa mwanafunzi asiyefuata maagizo.

Najua kuna wa kuniambia ungesaini tu dadangu, parasetamoli itamuua nani. Hebu tulieni. WHO ilitoa tahadhari Oktoba 2022 kuhusu sirapu nne za watoto zilizopatikana Gambia, zilikutwa na diethilini glikoli na ethilini glikoli, sumu ya figo, na zikahusishwa na vifo vya watoto 66. Sumu ile ile ya diethilini glikoli iliua watu zaidi ya 100 Marekani mwaka 1937 ikiwa ndani ya dawa ya kunywa. Sisemi tembe zetu zina sumu, sijasema hivyo na msiniwekee maneno mdomoni. Nasema mnunuzi wa dawa hana mizani nyumbani. Mamangu akiumwa na kichwa hununua blista dukani, ameza mbili, alala. Kinachomlinda ni mtu kule kiwandani aliyepima kweli akaandika kweli, na nikishazoea kubuni uzani wa tembe nikiwa mwanafunzi, kesho nikiajiriwa maabara nitabuni nini?

Na bado hamjasikia lililoniuma zaidi. Ijumaa hiyo hiyo niliwekwa nipange mafaili ya bachi, yaani rekodi za kila mkupuo wa dawa, kabatini, nikaikuta ya siku ile. Nikaifungua. Fomu imejazwa. Nusu saa kwa nusu saa, namba zote zimelala kati ya 545 na 555, wino mmoja, mwandiko mmoja, hakuna hata palipokatwa, na kwenye nafasi ya sahihi ziko herufi za jina langu. Si mkono wangu. Herufi yangu ya mwisho huwa naivuta chini, ile imesimama wima. Mikono ilinitetemeka nikalirudisha faili, kupiga picha hairuhusiwi na simu huachwa getini, kwa hivyo ushahidi mkononi sina.

Chuo nimepiga simu mara nne, lekchara asema nizungumze nao vizuri nimalizane nao nilete kitabu kabla ya tarehe ya kujisajili. Nimalizane nao vipi? Mzee opereta nilimweleza, akanyamaza, akasema ana watoto wanne. Simlaumu hata kidogo.

Kwa hivyo wenye kujua naomba mnisaidie. Kuna mwanafunzi hapa amewahi kupeleka malalamiko Bodi ya Famasia na Sumu, wale wanaosimamia dawa nchini? Wakifika wanaweza kuitisha faili la bachi wao wenyewe, ama wataniuliza mimi nakala? Na logibuku yangu naidai kupitia nani ikiwa chuo kimejitoa?

Ninachotaka ni vitu viwili. Nataka logibuku yangu, miezi kumi na miwili nimeifanyia kazi na kila ukurasa nimeujaza siku yake. Na nataka herufi zangu zitoke kwenye ile fomu. Hazifutwi, najua, tulifunzwa kosa kwenye rekodi halifutwi wala halipakwi rangi, lapigwa mstari mmoja liendelee kusomeka, pembeni waandika sababu, tarehe, na sahihi ya anayerekebisha. Basi aje aliyeziandika aupige huo mstari, na atie jina lake.