Baridi yabisi mkononi: diklofenaki, amitriptilini au splinti ya usiku?

Pwani_Kavu: Wadau, tulinganishe. Mtu ana baridi yabisi ya rumatoidi, ile ya kinga ya mwili kushambulia viungo. Asubuhi mikono haikunjiki kwa zaidi ya saa nzima, usiku vidole vinakufa ganzi na kuwaka moto. Dukani anapewa diklofenaki, mwingine anamwambia amitriptilini, mwingine splinti (kifaa cha kuvaa kinachoshikilia kifundo cha mkono kisipinde). Ipi inafanya nini?

mfamasia_wa_zamu: Mkuu, hizo ni kazi tofauti. Diklofenaki (50 mg, mara 2 au 3 kwa siku, baada ya kula) hupunguza uvimbe na ukakamavu wa viungo. Ganzi haiigusi sana, na haizuii ugonjwa kula mfupa. Kosa la kila siku ni kuichanganya na ibuprofeni. Hizo ni ukoo mmoja. Kinachoongezeka ni vidonda vya tumbo na mzigo kwa figo. Aliyewahi kuwa na vidonda, au anayetumia prednisoloni pamoja nayo, amwulize daktari kuhusu omeprazoli, dawa ya kukinga tumbo. Mwenye figo au moyo mbovu asiinunue kienyeji.

Amitriptilini ni ya maumivu ya neva (mishipa ya fahamu). Daktari huanza na 10 mg jioni, kisha hupandisha polepole. Mdomo hukauka na asubuhi kichwa huwa kizito, ndiyo maana wengi huiacha siku ya tatu, wakati inahitaji wiki kadhaa. Mzee mwenye tezi dume inaweza kumzibia mkojo.

Dada_Fizio: Kabla ya kidonge cha neva, angalieni ni vidole gani. Gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete: neva imebanwa kwenye kifundo cha mkono na uvimbe unaozunguka kano. Hapo mimi naanza na splinti. Huvaliwa usiku, kiganja kikiwa kimenyooka sawa na mkono. Nyingi za madukani zina bamba la chuma lililopinda kuinua kiganja. Lichomoe, linyooshe, lirudishe. Lisiponyooshwa, mtu atavaa mwezi mzima na ganzi iko palepale. Mkanda ubane kiasi cha kidole kimoja kupita chini yake. Jaribu wiki 6. Nyama ya chini ya gumba ikianza kusinyaa, msingoje hizo wiki: ni hospitali, kuna sindano na upasuaji mdogo.

Ganzi ikiwa mikono yote miwili, miguu inalegea, na kuinamisha kichwa kunapiga shoti mgongoni, hiyo ni shingo. Ni dharura, na asikandwe wala kupindwa shingo na mtu yeyote.

Mzee_Kibarazani: Na maji ya moto? Na vile vidonge vya B-complex?

Dada_Fizio: Shikamoo mzee. Maji ya uvuguvugu ni kwa ukakamavu wa asubuhi, dakika 10 hadi 15, huku vidole vikikunjwa na kukunjuliwa ndani ya beseni. Kiungo kilichovimba na chenye joto kinataka barafu iliyofungwa kwenye kanga, dakika 10. Pima maji kwa kiwiko, maana vidole vyenye ganzi huungua bila kujua.

mfamasia_wa_zamu: B-complex humsaidia aliyepungukiwa. Neva iliyobanwa haiifungui.

Ila Pwani_Kavu, kwenye orodha yako hamna dawa ya ugonjwa wenyewe. Ya kwanza kwa wengi ni methotreksati: mara moja kwa WIKI, na asidi ya foliki siku nyingine. Andika siku kwenye pakiti kwa kalamu nzito, kwa sababu akiimeza kila siku inaua uboho, ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Kuna vidonge vya 2.5 mg na vya 10 mg, soma kabla ya kutoka dirishani. Nafuu huja wiki ya 6 hadi 12, kwa hiyo diklofenaki hushikilia hapo katikati. Damu, ini na figo hupimwa mara kwa mara. Anayetaka mimba amwone daktari kwanza. Septrin (antibiotiki) isichanganywe nayo, hata kwa kikohozi cha siku 5. Homa au vidonda vya mdomo vikitokea, dozi inayofuata isimezwe. Akapime damu siku hiyohiyo.