Mrejesho: uduvi waliokuwa wanakufa kwenye tangi la udongo

Wakuu narudi na mrejesho, niliuliza mbona uduvi wangu wa maji baridi wanakufa mmoja mmoja kwenye tangi la mimea lenye udongo mpya chini. Mliosema nipime amonia (sumu kwa uduvi) kwenye maji mlikuwa sahihi kabisa, udongo ulikuwa bado unaiachia, nikaacha tangi wiki 6 bila kiumbe huku nabadilisha maji mpaka amonia na naitraiti (sumu nyingine inayotokana na amonia) zikasoma 0, ndo nikaweka wapya 10, nikiwadondoshea kwanza maji ya tangi tone kwa tone kama masaa 2 hivi ili wayazoee. Hajafa hata mmoja! Jana usiku nimemulika tochi nikaona jike kabeba mayai ya njano chini ya tumbo, anayapepea na vile vimiguu vyake, aisee nilikaa pale muda mrefu. Chujio nishalivalisha sponji vitoto visije vikanyonywa. Asanteni sana.