Marando yaende kwa nani kwanza?

*Mama Zawadi:* Jamani, marando ya viazi lishe, vile viazi vitamu vya rangi ya chungwa vya kuongeza vitamini A, yakifika tuanze na wenye mashamba makubwa? Wao ndio watakaovuna kwa wingi.

*Kaka Idrisa:* Hapana mama, hao watauza. Tuanze na kaya zenye watoto wa miezi 6 hadi 23, wajawazito na wanaonyonyesha.

*Da Rehema:* Na tujue wanakula nini kila siku. Kaya isiyokula viazi itawapa mbuzi marando. Shirika la Afya Duniani (WHO) huhesabu upungufu wa vitamini A kuwa tatizo kubwa la afya ukifika asilimia 20 ya watoto.

*Mama Zawadi:* Na waliopungukiwa damu, viazi hivyohivyo?

*Kaka Idrisa:* Hao wapewe maharage lishe. Ya kawaida yana miligramu 50 hivi za madini chuma kwa kilo, kwa maharage lishe watafiti walilenga 94. Tatizo ni fitati, kemikali ya asili iliyomo kwenye maharage, inazuia chuma kufyonzwa. Yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, yaliwe na tunda lenye vitamini C. Chai isubiri, angalau saa moja baada ya kula. Ila damu ikipungua kwa malaria au safura, maharage peke yake hayatatosha, lazima watibiwe.

*Mzee Salum:* Rangi inatosha kutambua mbegu?

*Kaka Idrisa:* Kwa viazi ndiyo mzee, rangi ya chungwa ikikolea karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A, ni nyingi. Chuma na zinki havionekani kwa macho, kwa hiyo maharage tuchukue yenye lebo ya mzalishaji aliyethibitishwa tu.

*Da Rehema:* Jikoni ndiko vitamini inakopotea! Viazi vichemshwe na maganda, sufuria ifunikwe, na mtoto atiliwe mafuta kidogo ndipo afyonze. Michembe, yaani vipande vya viazi vya kukausha, ikianikwa juani kisha ikakaa ghalani miezi kadhaa, karotini nyingi imekwisha.

*Mzee Salum:* Upandaji: kipande cha marando sentimita 30, theluthi mbili ardhini, nafasi sentimita 30, matuta mita 1. Mradi huu huuawa na kiangazi, marando yanakauka yote. Kila kaya ifukie viazi vidogo visivyo na fukusi, wale wadudu watoboao viazi, kwenye mchanga mkavu, kivulini. Wiki 6 hadi 8 kabla ya mvua vipandwe kitaluni na kumwagiliwa, vitatoa marando mapya.

*Mama Zawadi:* Sawa. Naandika orodha kwa kadi za kliniki.

*Da Rehema:* Umri uandike kwa miezi, mama. Na ongeza safu ya anayempikia mtoto, mafunzo ya mapishi tumpe yeye.