Wakuu, programu yangu ya vikoba haionekani kwenye simu mpya. Nimepitwa na wakati?

Fundi_Nyakato

Habari za majukumu wakuu. Niko Mwanza, natengeneza programu za simu peke yangu, sina ofisi wala bosi. Mwaka 2017 nilijifunza Java, lugha ya kuandikia programu, kwa kuungaunga bando, nikatengeneza programu ya kutunza hesabu za vikoba: hisa, mikopo, marejesho, faini za wachelewaji. Vikundi arobaini na kitu vinailipia. Si haba, kodi ya nyumba inatoka humo.

Mara ya mwisho kuisasisha ilikuwa 2021, ikilenga Android 11. Mambo yakienda sawa nani anagusa? Wiki iliyopita kikundi cha Igoma kimepata mhazini mpya, kanunua simu mpya, kaitafuta Play Store hakuiona. Mhazini wa zamani anaiona kama kawaida. Nikajua dada wa watu anakosea jina, nikafunga safari mpaka Igoma. Na mimi sikuiona!

Nikiingia YouTube ndiyo nachanganyikiwa kabisa. Huyu anasema Java imekufa, hamia lugha mpya ya Kotlin. Yule anasema Flutter, ile zana ya kuandika programu moja ikaenda Android na iPhone. Mwingine anasema yote ya nini, akili mnemba inaandika yenyewe. Laptopu yangu ina RAM ya GB 8, mimi mwenyewe nina miaka 38. Nianzie wapi? Matusi hapana tafadhali.

Kiroboto

Miaka 38 unajiona mzee, sisi wa 45 tujizike? Nakaa hapa mbele nisome.

Mzee wa Logi

Mkuu, programu kufichwa na wewe kupitwa ni magonjwa mawili, usiyanywee dawa moja.

Google kila mwaka wanasogeza mstari. Kuanzia 31 Agosti 2025, programu mpya na masasisho lazima vilenge Android 15. Za zamani zisizofika walau 14 hazionyeshwi kwa mtumiaji mpya mwenye toleo la juu kuliko ulilolenga. Aliyewahi kuipakua anaendelea kuiona, ndiyo maana mhazini wa zamani hana habari.

Sasa, usiruke kutoka API 30 (ndiyo namba ya kifundi ya Android 11) mpaka 35 (Android 15) kwa mkupuo. Nilifanya hivyo, siku nne sijui hitilafu inatokea wapi. Panda ngazi. Kwenye 31, usipoandika android:exported (mstari wa kusema kama programu nyingine zinaruhusiwa kufungua sehemu hiyo) panapotakiwa kwenye manifesti, lile faili linaloitambulisha programu kwa simu, programu itagoma hata kusakinishwa. Kwenye 33, arifa unaziombea ruhusa mwenyewe. Ukisahau, vikumbusho vyako vya marejesho vitakufa kimyakimya na wadaiwa watapata kisingizio. Kwenye 35 skrini inatandazwa mpaka ukingoni, kichwa cha ukurasa kinaingia chini ya saa na betri. Jaribu kwenye simu halisi. Na fomu ya usalama wa data utaikuta inakusubiri Play Console, kule unakosimamia programu yako ya Play Store. Jaza ukweli, umebeba namba za simu za watu.

Halafu faili la ufunguo wa kutia sahihi, lile linalothibitisha kwamba sasisho limetoka kwako, liko wapi? Kama liko kwenye laptopu hiyohiyo moja, acha kusoma hapa, kalinakili kwanza.

Jirani_Kisumu

Salamu kutoka upande wa pili wa ziwa. Mimi nilisikiliza hao wa YouTube. Nilikuwa na programu ya wauza maziwa, nikaifunga niiandike upya yote kwa Flutter. Miezi minane. Nilipomaliza ilikuwa nzuri ajabu, ila wauza maziwa walisharudi kwenye daftari.

Flutter yenyewe sina ugomvi nayo, mteja akitaka na iPhone ndiyo natumia. Lakini iPhone maana yake dola 99 kila mwaka kwa Apple na kutafuta Mac, wakati Google ulilipa 25 mara moja ukasahau. Wanakikoba wangapi wana iPhone?

Kotlin ndiyo, jifunze, Google wanaitanguliza tangu 2019. Lakini inakaa na Java kwenye mradi mmoja bila kugombana. Skrini mpya andika kwa Kotlin, za zamani ziache zilivyo mpaka siku zikihitaji kuguswa.

Kiroboto

Au akili mnemba tu, kazi iishe jioni.

Mzee wa Logi

Juzi imeniandikia AsyncTask, njia ya zamani ya kufanyisha kazi nyuma ya skrini, iliyostaafishwa tangu Android 11. Naitumia, lakini kama fundi mgeni: nasimama pembeni naangalia anachofanya.

Mama Hisa

Samahanini wataalamu, mimi ni mhazini wa kikoba huku Kibaha, hayo ya Kotlin siyajui. Natumia programu ya namna hiyo, sijui kama ni ya huyu kijana. Mwisho wa mwezi napiga picha za skrini saba, nane, nazituma moja moja kwenye kundi la WhatsApp, na bado kuna mtu atasema hajaona jina lake. Kungekuwa na kitufe kimoja cha kutoa ripoti yote, ningelipa mara mbili. Na isiwe kubwa, simu yangu imejaa picha za wajukuu.

Kiroboto

Fundi, mara ya mwisho uliongea na mhazini lini bila kwenda kudai pesa?

Fundi_Nyakato

Kiroboto umenipiga pabaya. Sijawahi.

Fundi_Nyakato

Mrejesho, wiki tatu baadaye. Ufunguo nimeukuta kwenye flashi ya zamani, jasho lilinitoka. Ngazi nimepanda kama Mzee alivyosema, ile ya 33 ndiyo imenila siku nyingi. Ripoti ya Mama Hisa ndiyo Kotlin yangu ya kwanza, skrini moja tu. Cha kuchekesha, PdfDocument, zana ya kutengeneza faili la PDF, imo ndani ya Android tangu 4.4, miaka yote hii naipita mlangoni. Ukubwa wa programu haujaongezeka hata MB moja.

Dada wa Igoma kaipata jana. Kanipigia simu kuuliza ule utepe wa kijani pale juu kwenye saa umekwenda wapi.