Chama cha madaktari wa moyo Uingereza: 1922, 1937 au 1946? Na nani aliyepanga V1 hadi V6?

Binti_Langoni (Lamu)

Assalam alaykum wana jukwaa. Siku ya Moyo Duniani ni 29 Septemba, na hapa Amu kuna wauguzi walio mafunzoni watakaosomeshwa kipimo cha ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, siku hiyo. Natayarisha maelezo mafupi ya kilikotoka kipimo chenyewe, nami nimekwama pahali pawili.

Kwanza, chama cha mabingwa wa moyo cha Uingereza. Pengine naona kimeanza 1922, pengine 1937, pengine 1946. Upi ndio mwaka wenyewe? Pili, je, ni kweli kwamba zile sehemu sita za kifuani tunazobandika elektrodi, V1 hadi V6, zilitoka kwa chama hicho? Mwenye hakika anieleze, na kama kuna la kuwaonyesha wauguzi kwa mikono nitashukuru zaidi, maana historia tupu haiwakai.

Mzee_wa_Shela

Wa alaykum salaam, binti yangu. Miaka yote mitatu ni ya kweli. Ni watu wale wale, jina ndilo lililobadilika.

Tarehe 22 Aprili 1922 madaktari 15 walikutana Oxford wakaunda Cardiac Club. Ilikuwa klabu ndogo ya watu wanaojuana: wanakutana, mmoja anaeleza alichokiona kwa wagonjwa wake, wengine wanamhoji. Mwaka 1937 klabu ikavunjwa na nafasi yake ikachukuliwa na Cardiac Society of Great Britain and Ireland. Mwaka 1946 jina likafupishwa kuwa British Cardiac Society, na tangu 2006 ni British Cardiovascular Society. Kwa hiyo ukiulizwa mwanzo, sema 1922. Ukiulizwa chama rasmi, sema 1937.

Lakini usiwape wauguzi tarehe bila sababu zake. Kilichowakusanya watu hawa ni Vita Kuu ya Kwanza. Askari vijana walirudi kutoka vitani moyo ukienda mbio, wanahema, kifua kinauma, na wakipimwa valvu hazina kasoro. Walikusanywa katika hospitali maalumu ya jeshi huko Hampstead, iliyohamishiwa Colchester mwaka 1917. Thomas Lewis na wenzake, John Parkinson akiwamo, waliwapa mazoezi ya kupanda ngazi kwa ngazi badala ya kuwalaza kitandani miezi na miezi, na wengi wakarudi kazini. Madaktari waliofanya kazi bega kwa bega pale ndio unaokuta majina yao kwenye klabu baada ya vita.

Nyuma yao wote yuko James Mackenzie, daktari wa kawaida wa mjini Burnley. Alikuwa na kifaa kilichochora kwa pamoja mapigo ya mshipa wa shingo na ya mkono, naye alishikilia kwamba si kila mlio wa ziada moyoni ni hukumu ya kifo. Mimi namhesabu yeye kuwa ndiye mwanzo wa yote.

Tahadhari mbili. Jarida la Lewis lililoitwa *Heart* lilianza 1909, likageuzwa jina kuwa *Clinical Science* mwaka 1933. Jarida la chama ni *British Heart Journal*, lililoanza 1939, nalo likaja kuitwa *Heart* mwaka 1996. Ni majarida mawili tofauti, na watu huyachanganya kila siku. Na British Heart Foundation ya 1961 ni shirika la hisani la kuchangisha fedha, si chama cha madaktari.

Waya_Kumi (Malindi)

Swali la pili nalichukua mimi. Jibu ni ndiyo, ila hawakuwa peke yao.

Einthoven, Mholanzi aliyeanzisha kipimo hiki, alituachia waya za mikono na mguu tu: I, II na III. Miaka ya 1930 madaktari walianza kuweka elektrodi kifuani kwa sababu kuna mashambulio ya moyo ambayo waya za viungo haziyaoni. Wolferth na Wood wa Philadelphia walitangaza yao 1932. Hapo ndipo vurugu ilipoanza. Huyu anaweka elektrodi juu kidogo, yule chini. Huyu anaunganisha waya wa pili kwenye mkono wa kulia, mwingine mguu wa kushoto. Mbaya zaidi, wengine waliunganisha waya kinyume, kwa hiyo wimbi linalopanda kwenye karatasi ya hospitali moja lilishuka kwenye karatasi ya nyingine. Mgonjwa ni yule yule, moyo ni ule ule, na karatasi mbili haziwezi kulinganishwa.

Mwaka 1938 American Heart Association na Cardiac Society of Great Britain and Ireland, ambayo ilikuwa na mwaka mmoja tu, walitoa mapendekezo ya pamoja. Walikata shauri kwanza kuhusu mwelekeo: umeme chanya chini ya elektrodi ya kifuani uchore wimbi la kupanda. Kisha katika nyongeza ya mwaka huo huo wakataja sehemu sita za kifuani, na ndizo hizo mnazotumia Amu leo. Suluhisho la ule waya wa pili lilitoka kwa Frank Wilson wa Michigan, ambaye mwaka 1934 aliunganisha viungo vitatu kupitia vizuizi vya omu 5,000 kila kimoja ili apate pahali pa kulinganishia pasipoyumba sana. Waya tatu za mwisho, aVR, aVL na aVF, ni za Goldberger, 1942.

Jambo moja vyama hivi havikulimaliza: rangi. Mashine za mtindo wa Ulaya zina nyekundu mkono wa kulia, njano mkono wa kushoto, kijani mguu wa kushoto, nyeusi mguu wa kulia. Za mtindo wa Marekani zina nyeupe mkono wa kulia, nyeusi mkono wa kushoto, nyekundu mguu wa kushoto, kijani mguu wa kulia. Hospitali inayopokea mashine za msaada inaweza kuwa na zote mbili chumba kimoja. Anayefuata rangi kwa mazoea atakosea. Wafundishe kusoma herufi kwenye waya: R, L, F, N ni mtindo wa Ulaya, RA, LA, LL, RL ni wa Marekani.

Nesi_wa_Zamu

Bibie, hili la mikono niachie mimi. Wengi hukosea V1 na V2, na V1 ikienda kombo zote zinazofuata zinakwenda kombo.

Mwanafunzi asihesabu kutoka mtulinga kwenda chini. Mbavu za juu hazishikiki vizuri. Apitishe kidole kwenye mfupa wa kidari kutoka kishimo cha koo kushuka mpaka aguse nundu iliyolala kwa upana. Akiteleza pembeni ya nundu hiyo yuko kwenye ubavu wa pili, na uwazi ulio chini yake ni wa pili. Ashuke wa tatu, wa nne. Ukingoni mwa mfupa wa kidari upande wa kulia wa mgonjwa ni V1, upande wa kushoto ni V2. Kisha airuke V3, aweke V4 kwanza: uwazi wa tano, kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga. V3 ni katikati ya V2 na V4. V5 iko usawa mmoja na V4 kwenye mstari wa mbele wa kwapa, na V6 usawa huo huo, katikati ya kwapa. Usawa mmoja, si kufuata mbavu zinavyopinda kwenda juu.

V1 na V2 zikipanda hadi uwazi wa pili, P (wimbi dogo la kwanza) kwenye V1 inageuka yote chini, T (wimbi la mwisho) nayo inaweza kugeuka, na R (mwinuko mrefu wa katikati) inachelewa kukua. Daktari ataona kovu la shambulio la moyo ambalo halipo.

Mikono ikibadilishana waya, I yote inageuka chini, P ikiwamo, na aVR inapanda. Tazama kifua: kama R inakua kawaida kuelekea V5, basi ni waya. Kama R inazidi kufifia kutoka V1 hadi V6, fikiria moyo ulioko upande wa kulia. Na II ikiwa karibu mstari mtupu, waya wa mkono wa kulia na ule wa mguu wa kulia zimebadilishana.

Kwa pwani yetu kuna mawili zaidi. Jasho na mafuta ya nazi hufanya stika iteleze, kwa hiyo futa kwa spiriti kisha kausha kwa shashi kabla ya kubandika, na pakiti ya stika isiachwe wazi, jeli hukauka. Na wanawake: elektrodi za V4 hadi V6 huwekwa chini ya titi, si juu yake. Awepo nesi mwanamke, mlango ufungwe, leso imfunike mgonjwa muda wote isipokuwa pale mkono unapofanya kazi. Muuguzi akiona haya, atabandika popote karibu, na kipimo kimeharibika.

Binti_Langoni (Lamu)

Shukran jazila nyote. La mwisho: Wamarekani walianza lini, na sisi Afrika je?

Mzee_wa_Shela

American Heart Association iliundwa Chicago 1924 na madaktari sita. Mmoja wao, Paul Dudley White, alikuwa amesomea London kwa Lewis kabla ya vita, ndiyo maana makubaliano ya 1938 hayakuwa ya wageni kwa wageni. White huyo huyo, pamoja na Wolff na Parkinson wa London, ndio walioeleza mwaka 1930 hali ya PR fupi (muda kati ya wimbi la P na mapigo makubwa yanayofuata) na moyo kwenda mbio ghafla, inayoitwa WPW kwa herufi za majina yao hadi leo. Mwaka 1939 vyama hivyo viwili vikatoa pia mapendekezo ya pamoja kuhusu upimaji wa presha.

Afrika tuna PASCAR, chama cha mabingwa wa moyo wa bara zima, tangu 1981, na Kenya ina Kenya Cardiac Society. Huku kwetu kazi kubwa imekuwa homa ya baridi yabisi inayoharibu valvu za watoto, na mwaka 2018 Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha azimio juu yake.

Waya_Kumi (Malindi)

Nyongeza kwa wanaotuma picha ya ECG kwa simu kwa bingwa aliyeko Mombasa. Kabla ya kupiga picha hakikisha karatasi inaonyesha 25 mm kwa sekunde na 10 mm kwa milivolti. Mashine ikiwa imewekwa 5 mm, mawimbi yanakuwa nusu na moyo ulionenepa misuli hauonekani. Mstari ukiwa na meno meno kumi katika kila mraba mkubwa, huo ni umeme wa ukutani wa hezi 50: zima feni, chomoa chaja, rudia kipimo. Na kama elektrodi imebidi kusogezwa kwa sababu ya kidonda au bendeji, andika kwenye karatasi ni ipi na imesogezwa wapi.